Riwaya tamu, mwisho umepooza: tupeane uzoefu wa kuipima

Mwanzisha mada
Wakuu, kuna riwaya inakushika kurasa 300, halafu 20 za mwisho zinaboronga. Mnaihukumuje? Leteni mbinu, lawama tumeshazisikia.

Kibogoyo wa Vitabu
Tenganisha mwisho uliokuudhi na mwisho uliovunjika. Kufa kwa mhusika unayempenda si kasoro. Kasoro ni kufa kwa sababu ambayo msuko haukuiandaa. Rudia sura tatu za kwanza, uandike maswali ambayo mwandishi ameyaanzisha: nani alificha wosia, kwa nini ndugu hawaongei. Kisha pitia theluthi ya mwisho ukitazama kila swali limejibiwa na nini, tendo la mhusika au sadfa. Sadfa ya kumtia mhusika matatani tunaivumilia. Ya kumtoa matatani sura ya mwisho ni uvivu, hata lugha iwe tamu kiasi gani.

Taharuki
Pima na mwendo. Kama karamu moja imepewa sura nzima, halafu kesi, ndoa na msiba vikamalizwa kwa aya mbili, hapo mwandishi kakimbia. Ila kosa hilo haliui kurasa zilizotangulia. Linaloziua ni "kumbe ilikuwa ndoto", maana hofu yote uliyoibeba inageuka haina kazi.

Mwanzisha mada
Na mwisho wazi, ule usiosema mambo yaliishaje?

Taharuki
Mwisho wazi mzuri unakuachia majibu mawili, yote yana ushahidi kitabuni. Mbovu haukuachii hata moja.

Mpekuzi
Kabla hujalaumu, angalia toleo. A Clockwork Orange ya Anthony Burgess ina sura 21, lakini toleo la Marekani liliiacha ya mwisho, ambamo kijana ambaye ni mhusika mkuu anaanza kuchoshwa na ukatili wake, mpaka iliporudishwa 1986. Aliyesoma sura 20 na aliyesoma 21 wanaweza kubishana hadi asubuhi bila kujua kwamba hawakusoma kitu kimoja. Naye Charles Dickens alibadili mwisho wa Great Expectations (1861) kabla haujachapwa, baada ya ushauri wa mwandishi mwenzake Bulwer-Lytton. Mwanzoni Pip, mhusika mkuu, na Estella, msichana anayempenda, walikuwa wanaachana moja kwa moja. Binafsi naona ule wa kwanza ndio unaolingana na kitabu.

Kibogoyo wa Vitabu
Kwenye uhakiki, usitoe alama ukiwa bado na hasira. Andika aya ya safari na aya ya hitimisho mbalimbali, na utaje kasoro kwa aina yake: umeharakishwa, haukuandaliwa, au umekwepa swali. Hapo msomaji mwingine anaamua mwenyewe bila wewe kumfichulia nani kafa. Anayesoma kwa ajili ya wahusika atavumilia mwisho wa haraka; mpenzi wa riwaya za upelelezi mwambie mapema, huyo bila jibu atakurudishia kitabu usoni.