Fremu mbele, familia nyuma: mkaguzi akomee wapi?

Wanatanga, hebu tulijadili hili. Nyumba nyingi za Ngamiani zina fremu ya duka mbele, familia inakaa nyuma, na katikati kuna mlango mmoja tu. Wakaguzi wa vipodozi wakimaliza rafu za duka, wengine hupitiliza hadi uvunguni mwa kitanda. Mimi nasema mlango ule wa ndani ndio mpaka wao.

Dukani sina ugomvi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mkaguzi ana mamlaka ya kuingia eneo la biashara na kuchukua sampuli. Krimu yenye zebaki inaharibu figo. Anayeiuza achukuliwe hatua. Ila kitambulisho kitangulie, hata kama mtaa mzima unamjua mkaguzi.

Chumbani ni habari nyingine kabisa. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake. Hata polisi, kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa kawaida hupekua nyumba wakiwa na hati ya upekuzi, tena kati ya mawio na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Na hati hiyo si lazima itoke kwa hakimu. Mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuitoa. Basi wanaosema hati inachelewesha kazi, hoja yao siikubali.

*Mchangiaji, Makorora:* Ndugu yangu, mzigo haramu haukai rafuni, unalala chumbani! Ukiweka mpaka pale mlangoni umewapa wauzaji ghala la bure. Na sheria hiyohiyo inaruhusu upekuzi wa dharura bila hati.

Inaruhusu, kweli. Lakini dharura ni pale ushahidi unapoelekea kupotea, haiwezi kuwa kila ukaguzi wa Jumanne asubuhi. Wakiwa na shaka ya kweli, mmoja abaki mlangoni, mwenzake aende kituoni kuomba hati, na mjumbe wa mtaa aitwe ashuhudie. Mle ndani kuna mabinti na wazee wagonjwa, jamani.

*Mwenye duka, Ngamiani:* Mimi chumbani hawakuingia. Kilichoniuma ni katoni kubebwa bila karatasi yoyote. Nilipofuatilia, hakuna aliyejua ziko wapi wala zilikuwa ngapi.

Pole sana, dada. Hapo umegusa penyewe. Polisi akichukua kitu kwenye upekuzi, sheria inamtaka atoe stakabadhi, isainiwe na mwenye nyumba na mashahidi kama wapo. Sioni kwa nini mkaguzi wa bidhaa afanye pungufu ya hapo. Karatasi hiyo inamlinda na yeye pia, asije akaambiwa aligawana mzigo na wenzake. Kabla katoni haijavuka kizingiti, iandikwe: aina, idadi, tarehe, jina la aliyechukua na ofisi yake.

Mliowahi kupewa orodha kama hiyo, tuambieni iliandikwaje. Na wewe wa Makorora, nijibu: chumba chako kikipekuliwa bila hati, utaita dharura?