Naomba ushauri: waumini wananijibu kama wako darasa la katekisimu

Habari zenu wanajamvi. Nasoma shahada ya uzamili ya sosholojia na utafiti wangu unahusu Wakatoliki wa leo: wanasali vipi, na mafundisho ya Kanisa wanayafuata kwa kiasi gani nyumbani kwao. Nafanyia kwenye parokia ninayosali mwenyewe. Padre ameruhusu, na chuo kimepitisha.

Tatizo ni majibu. Kwenye dodoso karibu kila mtu anasema anakwenda Misa kila Jumapili. Nimehesabu vichwa Jumapili nne, Misa zote, na hesabu haikaribii. Najua si ajabu: utafiti wa Marekani uliochapishwa 1993 ulikadiria kwamba wanaohudhuria ni karibu nusu ya wanaodai kuhudhuria. Tena kwa Mkatoliki Misa ya Jumapili ni wajibu wa sheria ya Kanisa, kanuni ya 1247, kwa hiyo kukiri kwamba hukwenda ni kama kuungama. Na mimi wananijua, naimba kwaya!

Nimebadili swali likawa "Jumapili iliyopita asubuhi ulikuwa wapi?" Limesaidia kidogo. Ila nikigusa uzazi wa mpango au ndoa, wanarudi kwenye majibu ya kitabuni.

Wenye uzoefu, naombeni mnisaidie: nihamie parokia nisikojulikana, au nibaki hapa na mahojiano nimwachie msaidizi asiye muumini wetu? Na hesabu yangu ya vichwa nitailinganishaje na dodoso, wakati wengine huenda husali parokia nyingine?