Flutter: asilimia ya betri inaganda kwenye iPhone, Android inasogea vizuri

kodi_asubuhi

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwenye programu niliyoandika kwa Flutter (zana ya kuandika programu za simu kwa lugha ya Dart), ya waendesha bodaboda wanaosambaza mizigo. Kodi (code) ni moja, inatoka Android na iOS, na betri nasoma kwa battery_plus, plagini ya Flutter ya kusoma betri. Nimesajili msikilizaji kwenye onBatteryStateChanged. Kila tukio likija nasoma batteryLevel na kubadilisha namba iliyo juu ya skrini.

Kwenye Android namba inashuka kama inavyotakiwa: 64, 63, 62. Kwenye iPhone inaganda palepale ilipokuwa programu ilipofunguliwa, mpaka mtu achomeke au achomoe chaja. Kwenye simuleta ya iOS sipati namba kabisa, inatupa kosa la PlatformException.

Shida ya pili: programu ikienda chinichini, taarifa za betri hazifiki tena kwenye seva. Msimamizi wa zamu anaona 58% ya saa mbili zilizopita, kumbe simu imeshazima.

Ya tatu ni kizingiti. Betri ikifika 20% napunguza usomaji wa GPS kutoka kila sekunde 5 hadi kila sekunde 60. Mwendeshaji aliyechomeka chaja ya pikipiki akiwa kwenye 20 au 21, mpangilio unaruka huku na huku bila kutulia. Mnashauri nini?

---

nyuzi_tatu

Mkuu, hilo la kwanza halitokani na hitilafu ya simu. Unasikiliza mkondo wa hali ya betri, siyo wa asilimia. Hali ni kuchaji, kutochaji, kujaa, kuchomekwa bila kuchaji, au kutojulikana.

Kwenye Android plagini inasikiliza tangazo la mfumo ACTION_BATTERY_CHANGED, na tangazo hilo hutoka hata asilimia, volteji au joto vikibadilika. Kwa hiyo unapata "discharging" mara nyingi mfululizo, na wewe kila mara unasoma asilimia upya. Inafanya kazi kwa bahati. Kwenye iOS plagini inasikiliza arifa ya mabadiliko ya hali peke yake. Simu ikishuka kutoka 64 hadi 40 bila kuguswa chaja, hali ni ileile, hivyo hakuna tukio.

Dawa nyepesi ni kusoma kwa kipima muda (Timer), na kuacha mkondo ukusaidie kwenye chaja tu:

```dart
final _betri = Battery();
Timer? _saa;
StreamSubscription<BatteryState>? _hali;
int? _mwisho;

void anza() {
  soma();
  _saa?.cancel();
  _saa = Timer.periodic(const Duration(seconds: 60), (_) => soma());
  _hali ??= _betri.onBatteryStateChanged.listen((_) => soma());
}

void simama() {
  _saa?.cancel();
  _hali?.cancel();
  _hali = null;
}

Future<void> soma() async {
  try {
    final asilimia = await _betri.batteryLevel;
    if (asilimia == _mwisho) return;
    _mwisho = asilimia;
    onyesha(asilimia);
  } on PlatformException {
    _mwisho = null;
    onyesha(null);
  }
}
```

Ita anza() kwenye didChangeAppLifecycleState hali ikiwa resumed, na simama() ikiwa paused. Usisahau kuita simama() kwenye dispose pia. Ukiacha mkondo wazi kila skrini inapojengwa upya, utaishia na wasikilizaji watano wanaosoma betri ileile.

Sekunde 60 zina sababu. Hata ukiandika kodi yako mwenyewe ya Swift (lugha ya iOS) na kusikiliza batteryLevelDidChangeNotification, iOS haitoi arifa hiyo zaidi ya mara moja kwa dakika. Kusoma kila sekunde 2 ni kuamsha prosesa bure. Na tangu iOS 17 asilimia inayotolewa kwa programu huja kwa hatua za 5: utaona 65, kisha 60, ingawa pembeni ya skrini mtumiaji anasoma 62. Usiandikie watu kwamba programu yako inaonyesha betri kamili, watalalamika kuwa namba hazilingani. Mimi ningeweka mchoro wa betri wenye vipande vinne vitano na kuachana na namba.

Simuleta ya iOS haina betri. batteryLevel ya UIDevice inarudisha -1 na plagini inaigeuza kuwa kosa. Kosa hilo lishike na uonyeshe "haijulikani", usiweke 0. Ukiweka 0, ile kanuni yako ya chini ya 20 itawaka na GPS itapunguzwa bila sababu. Ukija kuandika Swift yako, weka isBatteryMonitoringEnabled = true kabla ya kusoma; bila hiyo utapata -1 hata kwenye simu halisi.

---

mkondo_wa_data

Naongezea hilo la chinichini, maana ndilo linaloumiza zaidi kwenye kazi ya usambazaji.

Timer ya Dart haifanyi kazi chinichini. iOS ikisimamisha programu, kila kitu ndani yake kinasimama nayo. Android nayo, tangu toleo la 6.0 na Doze yake (hali ya usingizi ya kuokoa betri), itakuacha uhangaike simu ikitulia mezani. Wengine hukimbilia kusajili ACTION_BATTERY_CHANGED kwenye AndroidManifest (faili la matangazo ya programu). Haitafanya kazi, tangazo hilo lazima lisajiliwe ndani ya kodi kwa registerReceiver. Kusajili ACTION_POWER_CONNECTED kwenye manifesti nako kulizibwa kwa programu zinazolenga Android 8.0 na kuendelea.

Lakini wewe tayari unafuatilia mahali alipo mwendeshaji, na hapo ndipo pa kupanda. Usijenge mfumo wa pili wa betri. Kila nukta ya GPS inapopatikana, soma betri muda huohuo na uitume ndani ya ujumbe uleule: latitudo, longitudo, muda, asilimia, anachaji au hachaji. Msimamizi ataona betri ya wakati wa nukta ile, pamoja na saa yake. Kwenye dashibodi andika umri wa taarifa kando ya asilimia, na nukta yenye zaidi ya dakika 10 ipake kijivu. Hiyo 58% ya saa mbili zilizopita ilimdanganya kwa sababu haikuwa na saa.

Kwa Android unahitaji huduma yenye arifa ya kudumu, iliyotangazwa foregroundServiceType="location". Programu inayolenga Android 14 isipokuwa na ruhusa ya FOREGROUND_SERVICE_LOCATION huanguka pale huduma inapoanza. Kwa iOS washa hali ya chinichini ya "location", weka allowsBackgroundLocationUpdates kuwa true, na usome betri ndani ya kipokezi cha mahali. Mtumiaji akiifunga programu kwa kuisukuma juu, ufuatiliaji unasimama. Waambie waendeshaji hilo siku ya mafunzo.

Picha za risiti za mizigo ni suala jingine, hizo ziweke kwenye workmanager, plagini ya kupanga kazi za chinichini. Weka sharti la requiresBatteryNotLow ili zisipakiwe betri ikiwa chini. Kwenye Android kazi ya kujirudia haiwezi kuwa na kipindi kifupi kuliko dakika 15, hata ukiandika 5. Na ile fankishoni inayoitwa chinichini iwe nje ya klasi yoyote au iwe static, na juu yake iwe na @pragma('vm:entry-point'). Ukiisahau, kila kitu kitaenda sawa kwenye majaribio, kisha toleo la kutoa sokoni litanyamaza bila kosa lolote kuonekana, kwa sababu kikusanyaji (compiler) kimeiondoa kikidhani haitumiki.

Jambo la mwisho: kiokoa betri. Kwenye Android kikiwaka, mfumo unaweza kuzima GPS skrini ikizimwa, na msimamizi atadhani simu imekufa. Soma isInBatterySaveMode kila programu inaporudi mbele, maana battery_plus haina mkondo wa hilo. Kama uko tayari kuandika Kotlin (lugha ya Android) kidogo, PowerManager ina locationPowerSaveMode tangu Android 9, inayokueleza kama GPS itaguswa au la. Ukijua hivyo unaweza kumwonyesha mwendeshaji ujumbe wa maana: "Zima kiokoa betri ukiwa kazini."

---

kodi_asubuhi

Ahsanteni sana, nukta ya GPS na betri pamoja ni wazo safi. Bado nina mawili. Kuna simu zinazima ghafla zikiwa zinasoma 14% au 15%. Na kuna mwendeshaji anachaji kwenye pikipiki, programu inasema "charging" lakini asilimia inashuka. Halafu, mnajaribuje haya yote bila kukaa kusubiri betri iishe?

---

volti_nne

Kaka, simu inayozima kwenye 14% mara nyingi ina betri iliyochoka. Asilimia ni makadirio. Betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani unapanda, na simu ikivuta umeme mwingi kwa mkupuo (4G inatuma picha, GPS inafanya kazi, skrini iko kwenye mwanga wa juu wa jua la mchana) volteji inaporomoka kwa muda mfupi hadi chini ya kiwango ambacho simu hujizima ili kujilinda. Asilimia haijawahi kufika sifuri.

Kwa Android unaweza kuliona hilo likija. battery_plus haitoi volteji, ila mistari michache ya Kotlin kwenye MethodChannel (daraja kati ya Dart na kodi ya simu yenyewe) inatosha. Ita registerReceiver(null, IntentFilter(Intent.ACTION_BATTERY_CHANGED)), mfumo unarudisha tangazo la mwisho papo hapo bila kusajili msikilizaji. Ndani yake EXTRA_VOLTAGE iko kwa milivolti, na EXTRA_TEMPERATURE kwa sehemu za kumi za nyuzi Selsiasi, yaani 385 ni 38.5. Mfano: simu inasoma 20% na 3420 mV wakati inapakia picha. Hiyo iko ukingoni, simamisha upakiaji, tuma nukta ya mwisho na umwambie msimamizi. Ila usifanye uamuzi kwa sampuli moja. Chukua tatu mfululizo. iOS haitoi volteji kwa programu za kawaida, hivyo huko baki na asilimia na uweke kizingiti juu kidogo.

Chaja ya pikipiki: "charging" maana yake umeme unaingia, haisemi unatosha. Tundu la USB linalotoa volti 5 na ampea 0.5 linatoa wati 2.5, na simu yenye ramani wazi, GPS na data inaweza kula zaidi ya hapo. BATTERY_PROPERTY_CURRENT_NOW ingetakiwa kukuambia: maikroampea, chanya umeme unaingia kwenye betri, hasi unatoka. Kwa bahati mbaya baadhi ya simu zinatoa milliampea, na nyingine zinageuza alama. Mimi siitegemei kwenye kundi la simu mchanganyiko. Linganisha asilimia ya sasa na ya dakika 15 zilizopita: ikishuka huku hali ni kuchaji, ichukulie simu hiyo kama haichaji. Kwenye iOS ngoja dakika 30, sababu ya zile hatua za 5.

Na hapo ndipo pa kutibu kuruka kwa mpangilio wako. Tumia vizingiti viwili: punguza GPS ikifika 20, irudishe ikifika 30, katikati usiguse kitu. Android yenyewe ndivyo inavyofanya. Kwa mipangilio yake ya msingi hutangaza betri iko chini kwenye 15 na haisemi iko sawa mpaka ipande tena hadi 20. Nasema 30, siyo 25, kwa sababu kwenye iPhone pengo la 5 ni hatua moja tu. Na kuchomeka chaja peke yake kusirudishe GPS ya sekunde 5.

---

nyuzi_tatu

Kuhusu majaribio, Android, tumia adb (zana ya kuamrisha simu kutoka kwenye kompyuta):

```
adb shell dumpsys battery unplug
adb shell dumpsys battery set level 19
adb shell dumpsys battery reset
```

Ile reset ni lazima, la sivyo simu itaendelea kuonyesha 19 bandia hata ukiichaji. Halafu kuna mtego. Amri hizi zinabadilisha tangazo la mfumo, lakini batteryLevel ya plagini inasoma BATTERY_PROPERTY_CAPACITY, ambayo hutoka moja kwa moja kwenye maunzi ya betri. Utaona alama ya simu inasema 19 na programu yako inasema 73. Kodi yako ni nzima. Fanya jaribio hilo kwenye emuleta, huko namba inabadilika pande zote:

```
adb emu power ac off
adb emu power status discharging
adb emu power capacity 19
```

Kwa Doze, zima skrini kisha adb shell dumpsys deviceidle force-idle, uangalie kama nukta bado zinafika seva. Ukimaliza, adb shell dumpsys deviceidle unforce.

Upande wa iOS hakuna njia ya mkato, tumia iPhone halisi. Ila kanuni ya vizingiti iandike kama fankishoni inayojitegemea (pure function) inayopokea asilimia, hali ya sasa na kama anachaji kweli, kisha irudishe hali mpya. Ilishe 22, 21, 20, 21, 25, 29, 30 na null. GPS inatakiwa kubadilika mara mbili tu, kwenye 20 na kwenye 30, na null isibadilishe chochote.