Hina haikolei: niweke mafuta gani, na kiasi gani?

Binti Koni
Wadau, naomba msaada. Hina ninayokoroga inatoka rangi ya chungwa, na siku ya tatu bado ni chungwa vilevile. Vipimo: unga gramu 100, maji yanayochemka, matone 10 ya mafuta ya karafuu. Inakaa nusu saa, inachorwa, na baada ya saa mbili inaoshwa kwa maji. Nimeshauriwa niongeze mafuta ya taa kidogo. Nirekebishe wapi?

Unga Laini
Dada, mafuta ya taa usiyaguse. Yanaunguza ngozi na mvuke wake ni sumu.

Matone 10 hayafiki hata mililita 1. Gramu 100 za unga zinataka mililita 20 hadi 30, tena za mafuta tete (mafuta ya mimea yenye harufu kali, yanayopotea hewani) yanayofaa: lavenda, kajeputi, au melaleuka (chupani huandikwa Melaleuca alternifolia). Haya yana alkoholi za mimea, kama linalooli ya lavenda, zinazoisaidia lawsoni, ile rangi yenyewe ya hina, kutoka kwenye unga na kushika ngozi. Karafuu nayo hukoleza, ila eujenoli yake huwasha na wengine huwaachia malengelenge. Ukiipandisha hadi mililita 30 utaumiza watu. Mdalasini ni hivyo hivyo.

Mafuta ya nazi au zaituni hayana kazi humo. Ngozi ikiwa na mafuta hayo kabla ya kuchora, hina haiishiki vizuri.

Chekecheke
Naongezea ukorogaji, maana hata mafuta mazuri hayaokoi hina iliyokorogwa vibaya. Maji yanayochemka huharakisha rangi kutoka, lakini pia huifanya ife haraka, yaani ipoteze nguvu ya kutia rangi.

Chekecha unga, changanya na sukari gramu 30. Tia maji ya limau yaliyochujwa kidogo kidogo (jumla yatafika mililita 250 hivi, kutegemea unga) mpaka iwe nzito kama udongo wa kufinyangia. Mimina mafuta mililita 30, koroga, kisha funika kwa nailoni inayogusa hina yenyewe ili hewa isiingie. Iache saa 8 hadi 12 mahali penye joto la kawaida. Jaribu kwa kupaka kidogo kiganjani: dakika 5 zikiacha chungwa lililo wazi, imeiva. Hapo ndipo unailainisha kwa limau iliyobaki hadi ifanane na maziwa ya mgando, unaichuja kwa soksi nyembamba ya nailoni, unajaza koni.

Usiilainishe kabla ya kutia mafuta. Mafuta yenyewe huifanya nyepesi, na hina nyepesi hutapakaa nje ya mistari. Sukari ikizidi kwenye hewa ya unyevu hina nayo hutiririka.

Unga Laini
Kweli. Mimi ningeweka maji ya kawaida badala ya limau kwa ngozi kavu. Rangi hutoka ndani ya saa 3 au 4, ila itumike siku hiyo hiyo.

Na saa mbili ni chache mno, dada. Iache saa 6 hadi 8, ibandue kwa kukwangua, maji yasiguse kwa saa 24. Chungwa la mwanzo ni kawaida. Hukolea ndani ya saa 48. Viganja na nyayo hushika zaidi, mabega hayatafikia hapo hata ufanyeje.

Limau Kavu
Mjamzito mpe lavenda au hina isiyo na mafuta kabisa. Watoto wachanga, na yeyote mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), wasipakwe hina: inaweza kuzivunja chembe hizo. Chupa ya mafuta iliyokaa wazi muda mrefu itupe, maana mafuta yaliyooksidika ndiyo huleta mzio zaidi. Kwa mteja mpya paka alama ndogo mkononi, subiri saa 24 hadi 48.

Binti Koni
Asanteni sana. Koni zikibaki?

Chekecheke
Weka kwenye friza siku hiyo hiyo, hukaa miezi. Mezani hufa ndani ya siku chache. Ukiitoa, iyeyuke yenyewe bila kuipasha moto.