Naomba ushauri: mto wa hadithi yangu niuite Nzoia au nibuni jina?

BintiMumias: Habari zenu wadau. Naandika hadithi ndefu ya mambo ya ajabu na nimekwama. Chini ya mto kuna mji. Mvua zikizidi, mji unafungua milango na kuchukua watu, nao wanaishi humo bila kuzeeka. Msichana anamfuata kijana aliyechukuliwa. Sura za mwanzo zote mto ni Nzoia, ule wa kwetu magharibi mwa Kenya, kwa jina lake. Rafiki yangu anasema nibuni jina, wasomaji wasije wakagomba. Jarida moja la mtandaoni linataka kazi mwisho wa mwezi. Usingizi sipati. Nisaidieni.

JaDunga: Usibuni, dada. Sisi wa Ziwa Victoria tunaye Nyamgondho wuod Ombare wa hadithi za Waluo, mvuvi maskini aliyemnasa mwanamke kwenye wavu. Yule mama akamletea mifugo hadi boma likajaa. Siku moja mzee akarudi amelewa, akamtukana. Mama akainuka, akashika njia ya ziwani, na ng'ombe, mbuzi, kuku, wote wakamfuata majini. Nyanya yangu hakusema "ziwa fulani". Alisema Gwassi, pale pale ufukweni, na sisi watoto tukaogopa kuchota maji jioni. Alikuwa na sauti, huyo mama! Akifika pale ng'ombe wanapoanza kutoka zizini, hata wazee wa baraza walikuwa wananyamaza.

NyotaNakuru: Mimi ningeuhamisha mto kabisa. Januari 2005 chombo cha Huygens kilitua Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, na picha zikaonyesha mikondo ya mito na mawe yaliyoviringika. Mawe yenyewe ni barafu ya maji! Kule ni baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, kinachotiririka ni methani. Mvutano ni kama moja ya saba ya wetu, kwa hiyo matone ya mvua ni makubwa na yanashuka polepole. Fikiria mafuriko unayoyaona yakija huku mvua bado inaelea juu ya kichwa chako. Hakuna shangazi wa mtu atakayekuja kulalamika kwamba Titan haiko hivyo.

MwalimuKakamega: Vijana, mto si jini. Watoto wetu wanahitaji hadithi zinazowafunza kuheshimu maji, kutocheza kingoni, kupanda miti Cherang'any ambako Nzoia inaanzia. Ukiwaambia chini kuna mji mzuri, kesho mtoto ataruka.

BunyalaKwetu: Mwalimu, aliyeuliza hakuuliza hilo. BintiMumias, nina swali. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya jina la mto. Huyo kijana ni nani?

BintiMumias: Ni mhusika tu. Nilisikia habari zake mahali.

BunyalaKwetu: Wapi?

BintiMumias: Sawa. Ni mtoto wa shangazi yangu. Alizama upande wa Budalang'i, karibu na mto unapoingia ziwani, tuta la kuzuia mafuriko lilipovunjika. Hakupatikana. Familia ilizika tunda la mvungunya, yago, badala ya mwili, kama inavyofanyika. Kwenye hadithi nimemwacha na jina lake, na kovu lake la kwenye nyusi. Shangazi hajui kama naandika. Lakini jamani mnielewe: nikibadilisha jina lake anakuwa mtu mwingine, na nikibadilisha mto, ule mji unakuwa mahali ambapo hayupo. Nimeshawaandikia wa jarida kwamba kazi inakuja. Mimi ndiye niliyekua naye. Nadhani nina haki.

MwalimuKakamega: Haki ya kulisema kaburi la mwenzako bila mama yake kujua? Hapana, binti.

JaDunga: Pole sana dada.

Mtazamaji_Webuye: Ngojeni kidogo. Kwanza kijana ni "mhusika tu". Halafu "nilisikia mahali". Sasa ni mtoto wa shangazi, ana kovu, na tunda limezikwa. Kila akibanwa anatoa kipande kitamu zaidi. Hii ndiyo hadithi yenyewe, wadau. Anaijaribu kwetu aone tutalia wapi.

NyotaNakuru: Hata mimi nimeanza kushuku. Jarida gani hilo lisilo na jina?

BunyalaKwetu: Kwetu pia lilizikwa tunda. Mtu akikaa kimya juu ya jambo hilo hadi abanwe, mimi sishangai hata kidogo. Miaka mingi hatukulitaja mezani. Mei 2020 maji yalipopanda tena tukahamia kambini, mama akaanza kulisema mwenyewe, usiku, bila kuulizwa. Kwa hiyo Webuye, shuku yako ikae kwako.

JaDunga: Na hata kama amebuni, swali bado ni swali. Yupo mtu mahali fulani mwenye shangazi wa namna hiyo.

BintiMumias: Sijabuni. Sitaweka jina lake wala mwaka hapa ili mniamini, maana hilo ndilo hasa ninaloogopa kumfanyia. Mto utabaki Nzoia, hilo nimeamua. Jumamosi naenda Port Victoria kumsomea shangazi sura anayotokea kijana. Akikataa jina, nitalitoa jina. Kovu sijui.

MwalimuKakamega: Nenda na mtu mzima. Usimsomee kwenye simu.

BunyalaKwetu: Msomee mchana, nje, watu wakiwepo karibu. Na sasa nikujibu ulichouliza mwanzo. Kama ni Nzoia, basi iwe Nzoia kweli. Huku chini maji hayana haraka kama pale maporomoko ya Nabuyole, Webuye. Huku ni mapana, ya kahawia, yamebeba udongo wa mashamba yote ya juu, na yakifurika hayaji na kishindo. Unakuta tu yako chini ya kitanda. Mji wako uwe na udongo huo, usiwe na vioo na taa za buluu. Msichana akitaka kumrudisha kijana, usimpe mashua. Mvua zikianza, samaki aina ya ningu hutoka ziwani na kupanda mto kutaga mayai. Hao ndio wanaokwenda upande anaouhitaji. Na kama umemweka mbuta, yaani sangara, mahali pao, mtoe. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, ule mji wako ni wa zamani kumliko.

BintiMumias: Nilikuwa nimeweka mbuta. Namtoa leo. Ningu wanapanda usiku au mchana?