Vali ya EGR (ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) imeganda kwa masizi, nisafishe au nizibe?

Wakuu, naombeni ushauri. Pikapu yangu ya dizeli ya 2006 inatoa moshi mweusi, mlimani haivuti, na ikiwa sailensa (imewashwa bila kukanyaga mafuta) inatetemeka kama ina homa. Mashine ya kupimia gari imesoma kodi ya hitilafu P0402: moshi unaorudishwa kwenye injini umezidi, yaani vali haifungi.

Fundi mmoja anataka ninunue mpya, hela hiyo sina. Mwingine anasema tuzibe kwa kipande cha bati, kazi ya nusu saa. Hapo nasita, maana taa ya injini inaweza isizime.

Nafikiria kuifungua mwenyewe, niisafishe kwa kabureta klina na mswaki, kisha nifunge gasketi mpya. Je, dawa hiyo haitaua mota yake ya umeme? Au niende Ilala nitafute ya mtumba?