MJADALA: Ati mwanamke analindwa kuliko mwanaume? Huku kwetu Dodoma mbona naona vingine

Mbukwenyi wana Dodoma. Kuna hoja naisikia kila sehemu siku hizi, vijiweni, kwenye daladala, hata kwenye mikutano ya kijiji, kwamba jamii yetu inamthamini mwanamke na kumlinda kuliko mwanaume, mwanaume kaachwa apambane na hali yake. Wanaosema hivyo wanataja mambo ya kweli kwahiyo sitaki tuwabeze. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mizunguko yangu ni vijiji vya Bahi na Chamwino, na msimamo wangu ni huu: ulinzi wa mwanamke upo, ila ni ulinzi wa mtu anayehesabiwa mtoto aliye chini ya mkono wa mwenzie, siku akisimama kudai kilicho chake ulinzi haumfuati.

Tuanze na hoja zao. Mahakama ikitoa adhabu ya viboko mwanamke hachapwi, anachapwa mwanaume. Mjamzito hanyongwi, anapewa kifungo cha maisha, na hii mi naiunga mkono mia kwa mia maana kuna mtoto tumboni. Likizo ya uzazi mama ana siku 84, akijifungua mapacha 100, baba siku 3, siku tatu jamani, kitovu cha mtoto hakijadondoka baba keshaitwa kazini. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri imegawanywa 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, asa mzee wa kiume wa Mvumi asiye na ulemavu wala si kijana fungu lake liko wapi? Anayempa mimba mwanafunzi anaenda jela miaka 30. Ukiyasoma haya peke yake utasema kweli wanaume wametupwa.

Lakini fungua Sheria ya Ndoa ya 1971 uone. Mvulana lazima afike 18, binti anaweza kuolewa na 15 baba akiridhia. Akiridhia baba! Huyu huyu tunayesema analindwa. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za mabinti, akaenda Mahakama Kuu, mwaka 2016 ikaamuliwa kwamba vifungu hivyo vinavunja katiba na serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe, serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikasema uamuzi ulikuwa sahihi. Na bado kuna wazazi wananiuliza, tena kwa nia njema kabisa, mwanangu kafika 15 si ruksa?

Alafu kubaka. Kanuni ya Adhabu vifungu vya 130 na 131, miaka 30, sheria kali kweli kweli. Ila mke anayeishi na mume wake hayumo, mpaka wawe wametengana. Yaani analindwa njiani, analindwa shambani, analindwa kisimani, akishaingia chumbani kwake mwenyewe hana wa kumlinda. Na utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 waliwahi kupigwa, na kwa walioolewa mpigaji mkubwa ni mume. Sheria ya Ndoa kifungu cha 66 inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzie, nikiisoma kwenye mikutano wanaume wazima wananitazama kama nimeitunga mimi.

Hapa kwenye hili nitakaa kidogo maana ni letu sisi wa kanda ya kati, msinichoke. Utafiti huohuo wa 2015-16 Dodoma tulikuwa wa pili nchi nzima kwa ukeketaji, asilimia 47, wa kwanza Manyara 58, wakati taifa zima ilikuwa 10 tu. Sheria ya kumkataza mtu kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ipo tangu 1998. Kilichofanyika baada ya hapo sehemu nyingi ni kuwahamishia kisu watoto wachanga, mtoto yuko mgongoni anaanza kujikuna au anasumbuliwa na mkojo, wanasema ana lawalawa, anakatwa kimya kimya, hakuna ngoma wala sherehe, hakuna jirani anayejua. Maambukizi ya kawaida yale, maji hayatoshi, usafi ni mgumu, zahanati wana dawa. Lakini muulize bibi aliyekata atakwambia alikuwa anamlinda mjukuu. Anamlinda na ugonjwa, anamlinda asije kukosa mume, anailinda heshima ya ukoo. Kwahiyo mtu akiniambia jamii inamlinda mwanamke huwa namuuliza unazungumzia ulinzi upi, maana hata huu wa kisu wenyewe wanauita ulinzi.

Na mali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume, mila inayomnyima ardhi haina nguvu kisheria. Ila zile kanuni za mila za 1963 za kurithi bado zinasomwa kwenye vikao vya ukoo, mtoto wa kike anawekwa daraja la tatu, mjane hana fungu lake, ati atatunzwa na watoto. Mama kalima mtama na uwele miaka yote, kachuma zabibu, mume akifa shemeji ndo anakuja na kamba kupima shamba. Wakati ana mume mlimwita mama wa boma.

Karibuni tujadili, wanaume mje pia, ila kwa heshima.

BODA WA NKUHUNGU: Dada umeandika vizuri lakini umewapitia wanaume haraka mno. Mimi nimechunga ng'ombe tangu sijaota meno ya ukubwani, porini na fisi, mvua yetu, jua letu, dada zangu wapo nyumbani. Shule nimeiacha darasa la tano, kuna mtu alikuja kuuliza? Binti akiacha shule mtendaji anafika na mgambo. Mtoto wa kiume akiharibiwa huko machungani anaambiwa nyamaza we mwanaume. Na juzi kati jamaa yangu kapigwa na mkewe mpaka kashonwa, kaenda kituoni kwenye dawati la jinsia, wakacheka mpaka akarudi nyumbani bila kuandikisha kitu. Tunalindwa na nani sisi?

MAMA WA KONDOA: Mi naongezea la mikopo hiyo mnayotuonea gere. Kikundi chetu tulipata, wenzangu wawili hela ilifika mkononi asubuhi jioni iko kwa mume, ng'ombe kanunua kwa jina lake. Marejesho anadaiwa nani? Yeye mama. Mwingine aliuza kuku wote akamalizia deni la ng'ombe ambaye si wake.

MLETA MADA: Kaka wa boda, asante, na hilo la watoto wa kiume nalichukua lote maana nakutana nalo. Mtoto wa miaka 8 analala porini na mifugo tunaona kawaida, angekuwa wa kike kijiji kizima kingepiga kelele, na huo ni ubaguzi, tuuite hivyo. Aliyemharibu mtoto wa kiume anashtakiwa kwa kosa la kinyume na maumbile na adhabu yake ni nzito sana, kwahiyo usikubali mtu akwambie hakuna kesi. Na wale waliomcheka jamaa yako walikosea kikazi, dawati ni la mtu yeyote aliyefanyiwa ukatili, arudi, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, aende na shahidi.

Ila jiulize kwa nini walicheka. Kwenye akili zao mwanaume ndo mwenye mkono, hawezi kuwa chini ya mkono wa mtu, kwahiyo kilio chake hakina pa kuandikwa. Kama wangeamini mke na mume ni watu wawili wazima waliolingana, wangeandika maelezo ya jamaa yako kama ya mtu mwingine yeyote. Tukimwondoa mwanamke kwenye utoto tuliomweka, na wewe unapata mahali pa kulia. Mi sitaki mwanamke aongezewe upendeleo, nataka baba apate likizo ya maana, mchungaji mdogo afuatwe na mtendaji kama binti anavyofuatwa, na kile kifungu cha miaka 15 kifutwe.

Mama wa Kondoa, deni hilo linaniuma. Hao wenzako waambie nyumba ya familia mume hawezi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mke, na mali waliyochuma pamoja ni ya pamoja. Tena wasidhani kazi ya nyumbani haihesabiwi, kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983 kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Risiti za marejesho wazitunze, na majina ya wanakikundi waliokuwepo siku hela inatoka.

Na wengine mnaosoma naomba kitu kimoja. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba na watatu lazima wawe wanawake. Kijijini kwako wapo hao watatu? Wanaongea au wanasaini tu? Andikeni hapa na jina la kata.